Dawa ya homoni ilipobadilishwa, mafukuto yakarudi

Saa nane usiku, umeme umekatika na feni imesimama, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nakamua kanga. Kanga niliyolalia ilikuwa imelowa jasho kiasi cha kukamulika. Mume wangu akaamka, akauliza kwa upole, "Yamerudi, mke wangu?" Nikashindwa kumjibu. Kwa mwaka na nusu nilikuwa nimeshausahau usiku wa namna ile.

Nina miaka 53. Siku zangu zilikatika nikiwa na 50, na mafukuto yakanikamata vibaya. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo unakwenda mbio, jasho linamwagika, halafu unabaki unatetemeka kwa baridi. Nafundisha sekondari hapa Dar es Salaam, na siku moja chaki iliniponyoka mkononi kwa jasho mbele ya kidato cha tatu. Daktari wa wanawake akanianzishia vidonge vya homoni, na baada ya wiki chache nikawa mtu tena. Kisha presha ikaanza kupanda, na kipandauso nilichoishi nacho tangu usichana kikawa kinanijia kila mara. Ndipo akanibadilishia: estrojeni, homoni ya kike, ya jeli ya kupaka badala ya ile ya kumeza, pamoja na kapsuli ya projesteroni, homoni nyingine ya kike, kila usiku.

Sababu alinieleza vizuri. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na huko huamsha vitu vinavyogandisha damu, kwa hiyo hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka kidogo. Ya kupaka hupenya ngozi na kuingia kwenye damu moja kwa moja, na kwa dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Projesteroni naihitaji kwa sababu bado nina kizazi: estrojeni ikiwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na ukiachwa hivyo unaweza kuzaa saratani. Kapsuli yenyewe huleta usingizi, ndiyo maana humezwa wakati wa kulala.

Nililotoka nalo kliniki bila kulielewa ni kwamba mwili ukibadilishiwa dawa huwa kama unaanza upya. Wiki ya pili tu mafukuto yalikuwa yanakuja mara sita, saba kwa siku. Na hapo nikafanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Kabatini kulikuwa na vidonge vya zamani vilivyobaki. Nikawa navimeza huku napaka jeli, siku tano, bila kumwambia mtu. Matiti yakauma hata kuvaa sidiria ikawa mateso, na siku ya sita nikaona matone ya damu.

Miaka mitatu sijaona damu. Nilitetemeka. Nikaenda kliniki asubuhi ileile na kusema yote, vidonge vikiwemo. Nikafanyiwa altrasaundi, ukuta wa kizazi ukaonekana mwembamba na salama. Dawa ya homoni ikibadilishwa, damu kidogo inaweza kutoka miezi ya mwanzo, lakini si wewe wa kuamua kwamba ni ya kawaida. Ukishapitisha mwaka mzima bila hedhi, hata tone moja lipeleke likapimwe.

Aliyeniokoa zaidi siku ile ni muuguzi, mwanamke wa umri wangu. Aliniambia, "Mama, hebu nionyeshe unavyopaka." Nikamwonyesha: nikitoka kuoga najipaka mafuta ya nazi mwili mzima, kisha jeli juu yake, kisha navaa dera na kukimbilia daladala. Akatikisa kichwa. "Sasa dawa ipite wapi, mama, na mafuta yameshatangulia?"

Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa hiyo. Ngozi inatakiwa iwe safi na kavu, bila losheni wala mafuta. Jeli yangu napaka nje ya mkono, kuanzia bega kushuka. Nyingine hupakwa pajani, kwa hiyo fuata karatasi ya dawa yako. Matitini haipakwi kamwe. Natandaza bila kusugua sana, nanawa mikono, nasubiri kama dakika tano ikauke ndipo navaa. Kuoga ni baada ya saa moja au zaidi. Kwa joto la Dar hata kukauka ni kazi, basi siku hizi naamka mapema na kukaa mbele ya feni kwanza. Na mjukuu simpakati mpaka sehemu ile imekauka na kufunikwa, kwa sababu homoni inaweza kuhamia kwenye ngozi ya mtoto.

Huku nikisubiri dawa ikolee, nilitafuta nafuu nyingine. Estrojeni ikipungua, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, na ongezeko dogo tu la joto linatosha kuamsha jasho. Na huku pwani hewa ina unyevunyevu, jasho halikauki upesi, unabaki umelowa tu. Chai ya tangawizi ya saa nne ofisini siinywi tena ikiwa moto, naiacha ipoe au nakunywa maji. Pilipili nimepunguza. Nguo za nailoni nimegawa. Usiku natandika kanga mbili za pamba na ya tatu iko karibu, nabadilisha gizani bila kuamsha nyumba nzima. Fukuto likianza napumua polepole kwa tumbo, natoa pumzi kwa kirefu, mpaka lipite.

Shangazi yangu aliniambia, "Mwanangu, vumilia, ni mwaka tu." Nampenda, lakini si kweli kwa wengi wetu. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ukatoa matokeo mwaka 2015, ulionyesha kwamba wenye mafukuto ya mara kwa mara huishi nayo zaidi ya miaka 7 kwa wastani, na wanawake weusi kama miaka 10. Miaka 10 ya kutolala si jambo la kumwambia mtu avumilie.

Sasa niko wiki ya tisa. Daftari langu la mafukuto linasema juzi mara mbili, jana moja, na usiku nimelala mpaka adhana ya alfajiri. Daktari alisema dawa mpya ipewe miezi mitatu kabla ya kuihukumu, hivyo nina miadi mwezi ujao. Nyuma ya daftari nimeshaandika maswali mawili: kama dozi inahitaji kuongezwa, na kama ukavu wa ukeni una dawa yake ya kuweka mahali palepale. Hilo la pili nimelificha miaka miwili. Safari hii nitaliuliza la kwanza.