Matundu madogo na saratani: mliyoniuliza

"Dokta, upasuaji wa matundu madogo ni salama kwa mwenye saratani?"

Matundu madogo ni pale kamera na vifaa vinapopitishwa kwenye vijitundu badala ya kupasua tumbo. Lakini saratani ipi jamani? Kila wiki swali hilohilo, hakuna kiungo wala hatua ya ugonjwa. Leteni majibu ya baiopsi, yaani kile kinyama kilichokatwa kikapimwa, sitaki kubahatisha na maisha ya mtu.

"Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, bado hatua ya kwanza. Tumeambiwa kizazi kitolewe kwa matundu ndio atapona haraka. Tukubali?"

Mdogo wangu, msisaini kwanza. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi mbalimbali, wanawake 631 wenye saratani hiyo ikiwa bado changa, wengine wakapasuliwa tumbo kawaida wengine kwa matundu. Miaka minne na nusu baadaye, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa kawaida walikuwa hai na ugonjwa haujarudi, wa matundu asilimia 86. Vifo navyo vilizidi upande wa matundu. Kinachoshukiwa sana ni kile kifaa kinachopitishwa ukeni kuzungushia kizazi, maana kinapita palepale penye uvimbe, halafu uke ukikatiwa ndani ya tumbo lililojazwa gesi seli zinaweza kumwagika. Najua mnaogopa kovu na siku za kulala wodini, lakini kovu linapona, saratani ikirudi ni vita nyingine kabisa. Muulizeni daktari kwa nini asipasue tumbo, na ajibu mkaelewa.

"Mimi nina faibroidi tu, vile vivimbe vya kizazi visivyo saratani, zitasagwa zitolewe kwenye tundu. Hainihusu eti?"

Inakuhusu sana! Ile mashine ya kusagia ni bomba lenye kisu kinachozunguka, linavuta uvimbe na kuukata vipande, vingine vinarukia humohumo tumboni. Kama kulikuwa na sarkoma, aina ya saratani, imejificha, ndio imeshasambazwa. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikadiria mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa faibroidi anayo bila kujua, na hakuna kipimo cha kabla cha kuaminika kuigundua. Uliza kama watasagia ndani ya mfuko maalum. Kama hedhi imeshakoma, kataa kusagwa.

"Baba ana saratani ya utumbo mpana."

Hapo sawa, matokeo yanalingana na ya kupasua, ila apate mpasuaji mzoefu. Muulizeni ameshafanya wangapi.

"Na roboti ya India?"

Roboti ni matundu yaleyale, ila vifaa vinashikwa na mikono ya mashine inayoongozwa na daktari. FDA ilionya 2019 kwamba kwa kutoa titi, na kwa saratani ya mlango wa kizazi pia, usalama wake haujathibitishwa. Msiuze kiwanja kwa sababu ya jina la mashine.