Ndoto iingie daftarini kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kushika brashi, nimechoka kuwatazama mkirudia makosa yangu. Jumatatu dogo mmoja kaingia hapa kibandani Kijenge, Arusha, macho mekundu kama pilipili. Siku nne anaweka alamu kila baada ya saa mbili ili "azikamate ndoto". Nikampa chai na andazi, nikamwambia akalale nyuma ya maturubai. Kaamka saa kumi jioni.

1. Ndoto ya kujitambua ipo, ile ambayo umo ndani yake na unajua kabisa kwamba unaota. Mwaka 1975 huko Uingereza, Keith Hearne alimrekodi mtu aliyelala akimpa ishara kwa macho, ishara walizokubaliana kabla. Ilitokea katika usingizi wa REM, ule ambao macho huchezacheza chini ya kope na ndoto huwa nyingi, ambao hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Ukilala saa nane usiku ukaamka kumi na moja, umeikimbia sehemu yenye ndoto nyingi. Laleni mapema, jamani.

2. Usipake ndoto juu ya kazi ya mtu. Hapa nivumilieni.

Familia moja ya Tengeru iliniletea picha ya baba yao marehemu, ndogo kama ya kitambulisho, nimchore kwa ajili ya arobaini. Wakalipa advansi. Nilimchora mzee yule kwa moyo wote: kofia yake, kovu la kwenye nyusi, ule utulivu wa mdomoni. Ilibaki vanishi tu.

Wiki hizo na mimi nilikuwa mtu wa alamu. Usiku mmoja nikajiona sokoni Kilombero, nikatazama mikono yangu, vidole saba. Nikajua: naota. Nikaomba nioneshwe rangi ambayo sijawahi kuitumia. Anga juu ya Meru likafunguka, ukashuka ujani fulani, wenye ubaridi wa ganda la ndizi mbichi asubuhi ya Julai. Nikaamka saa kumi usiku natetemeka. Turubai iliyowambwa ilikuwa moja tu, ya mzee. Nikajiambia nagusa mandhari ya nyuma peke yake. Kufikia alfajiri ule ujani ulikuwa umeshuka shavuni, umefunika jicho moja, na mimi nauona ni ufunuo. Mtu asiyelala kila kitu kwake ni ufunuo. Akriliki ilishakauka.

Nikaamshwa na hodi. Mama mjane na wanawe wawili, wamebeba kitenge cha kuifungia picha. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mume wangu yuko wapi?"

Nilirudisha hela. Nikamchora upya bure, nikaipeleka Tengeru mwenyewe, lakini arobaini ilikuwa imepita. Siku ile watu walimkumbuka mzee kwa kile kipicha kidogo, kimebandikwa kwenye kadibodi. Mama alinikaribisha chakula. Sikuweza kumeza.

3. Ukiamka usigeuke, usishike simu. Ivute ndoto kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kisha andika. Tumia penseli, kalamu ya wino hugoma ukiandika umelala chali.

4. Konyagi na bangi haziongezi ndoto, zinakandamiza REM. Yale majinamizi mnayoyaota mkiacha ni usingizi unaodai deni lake.

5. Dalí, yule mchoraji wa Kihispania, alikuwa akisinzia kitini na ufunguo mzito mkononi, sahani chini. Ukidondoka unamwamsha na picha zikiwa bado mbichi. Mwaka 2021 watafiti wa Paris waliwapa watu hesabu zenye njia ya mkato iliyofichwa. Waliopitia hata sekunde 15 tu za usingizi mwepesi, asilimia 83 waliigundua. Waliobaki macho, asilimia 30. Waliozama zaidi wakaikosa. Mimi natumia kijiko na bakuli la bati, saa nane mchana baada ya ugali. Majirani wameshazoea ule mlio.

Ule ujani sijaupata tena. Niliuandika daftarini wiki mbili baadaye, ukiwa umeshachanganyika na aibu, na palipo juu ya mzee nilipafunika mwenyewe. Kila mwaka najaribu: samawati, manjano, nyeupe kidogo. Unakaribia, halafu unakuwa rangi ya mgomba tu. Mmoja wenu akiupata anigongee, ila asubuhi, akiwa amelala vizuri.