Picha yangu imehamia ukurasa wa pili

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: picha haikai ilipowekwa, au maandishi yanahama baada ya kupangwa. Nimechagua saba. Wengi wenu mnatumia Microsoft Word ya Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nayaacha kama mnavyoyaona kwenye skrini.

Natunga mtihani wa Biolojia. Nimeweka mchoro wa moyo, nikauchorea mishale yenye herufi A hadi F. Kila nikiongeza swali juu yake, mchoro unakimbilia ukurasa wa pili na mishale inabaki nyuma. Nimeurudia usiku mara tatu. Mwalimu, Iringa

Pole sana, Mwalimu. Kwa Word, picha huwa na hali mbili. Hali ya kwanza, picha ni herufi. Ni kubwa, lakini ni herufi: imekaa ndani ya mstari, ukiandika kabla yake inasogea, ukibonyeza Enter inashuka. Hii inaitwa “In Line with Text”, na kwa kawaida ndiyo hali ambayo picha huingia nayo. Hali ya pili, picha inaelea. Unaiburuta popote, maandishi yanaizunguka au yanapita juu yake.

Ila hata inayoelea haiko huru. Imetia nanga kwenye aya fulani. Bofya picha inayoelea, utaona alama ndogo ya nanga kwenye pambizo, karibu na aya hiyo. Usipoiona, bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichwa zijitokeze. Aya ikisukumwa hadi ukurasa wa pili, picha inaifuata, kama mashua inavyokwenda na nanga yake.

Sasa tazama mtihani wako. Mchoro wa moyo uko ndani ya mstari, ni herufi. Mishale uliyoichora inaelea, na kila mmoja una nanga yake, mingine kwenye aya za juu kabisa. Ulipoongeza swali, mchoro ulishuka na mstari wake, mishale ikabaki na aya zake. Dawa ni kuvifunga pamoja. Bofya mchoro, kisha kitufe cha “Layout Options” kwenye kona yake, uchague “Square”, kwa sababu picha iliyo ndani ya mstari haikubali kufungwa na vitu vingine. Shikilia Ctrl, bofya mchoro, mishale na visanduku vya herufi kimoja kimoja. Bofya kulia, chagua “Group”, halafu “Group” tena. Vikishakuwa kitu kimoja, rudi “Layout Options” uchague “In Line with Text”. Kundi zima limekuwa herufi moja kubwa. Lipe aya yake lenyewe, liweke katikati kwa Ctrl+E.

Bado hatua moja, nami naomba usiiruke. Weka kishale cha kuandikia (cursor) kwenye sentensi ya swali iliyo juu ya mchoro, fungua dirisha la “Paragraph”, nenda “Line and Page Breaks”, tia tiki kwenye “Keep with next”. Sentensi hiyo haitaachana tena na mchoro. Swali likiwa mwisho wa ukurasa na mchoro wake nyuma ya karatasi, mtoto anapindua mbele na nyuma kwa kila herufi, na dakika anazopoteza hakuna atakayemrudishia.

Nikibandika picha kwenye ripoti, unaonekana ukanda mwembamba tu wa chini. Nimedhani faili limeharibika. Afisa ugani, Mbeya

Halijaharibika. Aya hiyo imewekewa urefu wa mstari usiobadilika, ule unaoitwa “Exactly”. Picha ni herufi, na herufi imekatwa kichwa kwa sababu mstari hauruhusiwi kukua. Bofya kwenye mstari wa picha, bonyeza Ctrl+1. Itatokea yote.

Dada, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Barua zetu zina nembo kushoto na anwani kulia, na chini kuna sehemu mbili za saini, ya mwenyekiti na ya mhazini. Napanga kwa spesi. Kwangu zimenyooka, zikichapwa zinapinda. Tanga

Ndugu katibu, spesi ni nafasi kati ya neno na neno. Upana wake hubadilika kwa kila fonti na kila ukubwa wa herufi, na mstari ukisawazishwa pande zote mbili, Word yenyewe inazivuta spesi. Ndiyo maana mistari miwili yenye spesi ishirini na tano kila mmoja inaweza isikutane. Printa yako haina kosa.

Kwa sehemu ya juu, tumia jedwali. Bofya mara mbili juu kabisa ya ukurasa ili uingie kwenye kichwa cha ukurasa. Ingiza jedwali la mstari mmoja na safu mbili. Kushoto weka nembo, uiache “In Line with Text”. Kulia andika jina la kikundi, sanduku la posta na simu. Vuta ukuta wa katikati mpaka chumba cha nembo kiwe chembamba, kama sentimita 3. Mwisho liteue jedwali lote na uchague “No Border” ili mistari yake isichapwe. Nembo haitoki chumbani mwake hata anwani ikiongezeka mistari miwili. Kama barua ina kurasa nyingi na hutaki nembo ijirudie, tia tiki kwenye “Different First Page” kabla hujaingiza jedwali hilo kwenye kichwa cha ukurasa wa kwanza.

Saini nazo zifanye hivyo hivyo: jedwali la safu mbili lisilo na mipaka, mwenyekiti kushoto, mhazini kulia. Mstari wa juu uwe wa nukta za kutia saini, wa pili jina, wa tatu cheo. Nimeshaona kumbukumbu za mkutano ambazo jina la mhazini lilisogea hadi chini ya saini ya mwenyekiti. Karatasi ya fedha ikiwa na saini isiyojulikana ni ya nani, ugomvi wake hauishi kwa kuchapa upya.

Hujambo dada. Tulipanga wasifu wa marehemu babu yetu nyumbani, picha nne na maandishi, ukurasa mmoja safi. Tulipoupeleka saiba kuchapa, ukamwagika hadi ukurasa wa pili na picha mbili zikapandana. Tulikuwa tumechelewa, tukauchapa hivyo hivyo. Kosa lilikuwa wapi? Mombasa

Sijambo, na poleni kwa msiba. Jambo hili naliandikia kwa uchungu kwa sababu liliwahi kunipata. Nilikuwa nimepanga ratiba ya mazishi ya shangazi yangu, nikaipeleka kwenye fleshi, na kwenye kompyuta nyingine picha yake ikafunika tarehe yake ya kuzaliwa. Nakala zilikuwa zimeshatoka kabla hatujaona.

Vitu viwili ndivyo huleta balaa hili. Cha kwanza ni karatasi. Kwetu tunachapa A4, yenye sentimita 21 kwa 29.7. Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, sentimita 21.59 kwa 27.94. Hiyo ni fupi kwa karibu sentimita 1.8, sawa na mistari mitatu na ushee ya maandishi ya kawaida. Ukurasa uliojaa hadi ukingoni, ukihamishwa kutoka A4 kwenda Letter, lazima umwagike. Kabla hujaweka hata neno moja, nenda “Layout”, kisha “Size”, uhakikishe ni A4.

Cha pili ni fonti. Kama mmetumia fonti ya mapambo mliyoipakua, na kompyuta ya saiba haina, Word inaweka nyingine bila kuuliza. Fonti mpya ikiwa pana, mistari inaongezeka, aya zinashuka, na picha zenye nanga kwenye aya hizo zinashuka nazo. Nadhani ndivyo picha zenu mbili zilivyogongana.

Kinga ni moja: kazi ikishakamilika, ihifadhi kama PDF, na PDF hiyo ndiyo mpeleke kuchapa. Humo kila kitu kimegandishwa mahali pake. Faili la Word lichukueni pia kwenye fleshi, endapo tarehe au jina litahitaji kurekebishwa pale pale. Na kwa kurasa za picha nyingi kama hiyo, wekeni jedwali la vyumba vinne, picha moja kila chumba, maelezo chini yake. Hazitapandana.

Shikamoo dada. Tasnifu yangu ina jedwali pana lisiloenea. Nikigeuza ukurasa ulale, tasnifu yote inalala. Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Igawe hati katika sehemu. Kabla ya jedwali nenda “Layout”, “Breaks”, chagua “Next Page” iliyo chini ya “Section Breaks”. Fanya hivyo tena baada ya jedwali. Kisha weka kishale ndani ya sehemu ya katikati ndipo uchague “Landscape”. Italala hiyo tu. Na kama vichwa vya sura umevishusha kwenye kurasa mpya kwa kubonyeza Enter mara nyingi, zifute Enter hizo leo hii uweke Ctrl+Enter mahali pake. Msimamizi akikuongezea aya mbili, utaelewa kwa nini nimekuhimiza.

Sina Word, natumia LibreOffice. Hayo ya nanga yananihusu? Zanzibar

Yanakuhusu, tena kwako yako wazi zaidi. LibreOffice Writer inakuuliza picha itie nanga wapi: kwenye ukurasa, kwenye aya, kwenye herufi, au iwe herufi yenyewe. Bofya kulia juu ya picha, tafuta “Anchor”. Kwa ripoti na mitihani chagua “As Character”, ndiyo ndugu ya “In Line with Text”. “To Page” ifae kipeperushi au kadi, ambako picha haihusiani na aya yoyote. Hati ikiwa inakwenda kwa mtu mwenye Word, jiepushe na “To Page”, maana Word hufunga picha kwenye aya na mpangilio wako unaweza kuvurugika njiani.

Nafurahi kila ninapopata barua kutoka kwa watumiaji wa programu hii. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka kutoka mti huo huo wa OpenOffice mwaka 2010. Natamani siku moja nijibu barua hizi nikitaja vitufe kwa Kiswahili, navyo viwe hivyo kwenye skrini zenu.

Faili langu la kurasa sita lina megabaiti 50, halitumiki kwa barua pepe. Picha nimezipiga kwa simu, nimezipunguza kwa kuvuta kona. Moja nimeikata kumtoa mtu aliyesimama pembeni. Mama mjasiriamali, Morogoro

Mama, kuvuta kona kunapunguza ukubwa wa kuonekana tu. Picha ya simu yenye upana wa nukta 4,000 inabaki na nukta zake nyingi, ingawa kwenye karatasi iko sentimita 8. Kwa upana huo, uchapaji mzuri unatosheka na nukta kama 700. Bofya picha, nenda “Picture Format”, kisha “Compress Pictures”. Ondoa tiki kwenye “Apply only to this picture” ili zote ziguswe, chagua 150 ppi (yaani nukta 150 kwa kila inchi) kwa kutuma, au 220 kwa kuchapa.

Ila usifunge dirisha hilo kabla hujatazama tiki nyingine, “Delete cropped areas of pictures”. Ukikata picha ndani ya Word, kipande kilichokatwa kimefichwa tu. Atakayepokea faili lako anaweza kubofya picha, kubonyeza “Crop”, na yule mtu wa pembeni akatokea mzima, uso na yote. Tia tiki hiyo, bonyeza OK, hifadhi faili. Kisha bofya picha, bonyeza “Crop” wewe mwenyewe uone kama bado yupo, ndipo utume.