Maswali na Majibu: Mfumo wa Biashara Usioachika

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, Kigoma. Aliyetuuzia mfumo wa mauzo na stoo ameongeza ada ya mwaka maradufu. Nikimwacha, hesabu zangu zote zitapotea?

Kabla ya kujadili bei, mwandikie barua ukiomba taarifa zako zote, yaani bidhaa, mauzo na madeni ya wateja, katika faili la Excel. Usikubali ripoti za PDF (wauzaji wengi hukimbilia kutoa hizo), kwa sababu zinasomeka vizuri lakini ni kazi ngumu kuziingiza katika mfumo mwingine. Ukishalipata faili, lilinganishe na stoo yenyewe, kisha uendeshe mifumo yote miwili kwa mwezi mzima kabla ya kuuzima wa zamani. Ada kubwa inaumiza, lakini hatari zaidi ni kutoweza kuondoka na hesabu zako.

AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yetu ya tumbaku, Urambo, imeshauriwa kununua mfumo wa kampuni kubwa ya nje. Si ndio usalama wenyewe?

Kampuni kubwa haifi kirahisi, ila masharti yake hubadilika bila wewe kuulizwa. Kampuni ya Marekani ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ya programu za kompyuta, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu za programu hizo, ikabakiza za kulipia kwa muda. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na safari za ndege zikakwama katika nchi nyingi. Mnaweza kuununua mfumo huo, lakini msimu wa masoko stakabadhi za karatasi ziendelee kuandikwa kwenye mizani.

SACCOS yetu ya Tabora mjini inataka kusaini mkataba. Tudai nini?

Dai kikomo cha kupandisha ada, haki ya kuchukua taarifa zenu mkataba unapokwisha, na akaunti kuu ya usimamizi iwe ya chama, si ya fundi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wajibu wa kulinda taarifa za wanachama hauwaondokei kwa sababu tu mmemkabidhi mtu mwingine kuzitunza.

Je, kijana wa hapa Ujiji akinitengenezea mfumo wangu?

Ni sawa, mradi akukabidhi msimbo wote (maandishi yanayouendesha mfumo) na maelezo yake kabla hujamaliza kumlipa.