Shangazi, Nikivaa Shati la Kiume Naonekana Nimeazima

*Shangazi, hujambo? Nina miaka 26, nafanya kazi katika duka la simu hapa Kisumu. Tangu sekondari sijapenda gauni, lakini pia sitaki kugeuka mwanaume. Ninachotaka ni mtu akinitazama asiweze kunipanga haraka upande huu au ule. Nimenunua mashati na suruali za kiume sokoni Kibuye, ila nikivaa naonekana nimeazima nguo za kaka. Shati linaachama kifuani, suruali inabana nyonga na kupwaya kiunoni. Kifua nakifunga kwa bandeji kuanzia asubuhi, na jioni nikifika nyumbani pumzi imekata. Isitoshe, Desemba dada anaolewa Nakuru. Mama ameshanunua kitenge na anasema nitashonewa gauni kama wenzangu. Nifanyeje? – Nisiyepangika, Kisumu*

Mwanangu, tuanze na bandeji, kwa sababu hayo mengine yanaweza kungoja na hili haliwezi. Ivue leo na usiirudishe. Bandeji ya kuvutika imetengenezwa kubana kifundo kilichoteguka, si kuzungushwa kwenye mbavu zinazopanda na kushuka mchana kutwa. Unapohema inateleza, inajikunja, na pale ilipojikunja inakaza zaidi. Ndiyo maana jioni pumzi inakata. Ukiendelea hivyo utaumiza mbavu na kuchubuka ngozi, na kwa joto la Kisumu, jasho lililonaswa chini ya matiti litakuletea vipele na fangasi. Utepe wa gundi wa kufungia maboksi nao ni vivyo hivyo, hata kama kuna aliyekuambia kwake unafanya kazi.

Badala yake tafuta sidiria ya michezo ile ya kubana, isiyo na vikombe, ya saizi yako halisi. Vaa moja tu. Mbili kwa pamoja hukurudisha kwenye shida ya bandeji. Ukitaka kifua kitulie zaidi ya hapo, kuna vesti maalumu za kubana kifua ambazo watu huagiza mtandaoni. Jipime kwa tepu kifua kinapojaa zaidi, kisha chini ya matiti, na uchague saizi kwa vipimo hivyo bila kushuka hata moja ukidhani itabana vizuri zaidi. Siku za kwanza vaa saa moja au mbili. Ukishazoea, usizidishe saa nane kwa siku, usilale nayo, usifanye nayo mazoezi, na usiivae ukiwa na kikohozi au pumu. Ukihisi maumivu, vidole kufa ganzi au kizunguzungu, ivue hapo hapo. Maumivu ya kifua yasipoondoka baada ya kuivua, nenda hospitali.

Sasa piga hesabu ya siku yako. Wa dukani aghalabu huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi, na bado hujapanda matatu. Kwa hiyo vesti ya kubana si vazi lako la kazini. Iweke kwa matembezi ya Jumapili au shughuli ya saa chache, na siku za kazi uiachie nguo yenyewe kazi ya kuficha. Nguo inaiweza, ikikatwa vizuri.

Na hapa ndipo ulipokosea, kama wanavyokosea karibu wote wanaoanza. Ulidhani ukivaa vya kiume utafika pale katikati. Shati la kiume limekatwa kwa mwili wenye bega pana na nyonga nyembamba. Likikaa juu ya mwili usio hivyo, kila linapobana na kila linapopwaya panamwambia mtazamaji huu si mwili uliokusudiwa. Jicho la mtu husoma haraka mambo matatu: upana wa bega, mkunjo wa kiuno na upana wa nyonga. Kazi yako ni kuifanya mistari ya mbavuni iteremke wima kutoka kwapani hadi pindoni, isiingie kiunoni wala isitoke nyongani. Hilo ni jambo la mshono. Ndiyo maana nakushauri pesa zako nyingi zimfikie fundi kuliko muuza nguo.

Ukienda Kibuye Jumapili, wahi marobota ya mitumba yanapofunguliwa uchague kamera, yaani zile nzuri za kwanza, maana ikifika alasiri imebaki fagia, yale mabaki. Beba tepu mfukoni. Kwenye shati tazama bega kwanza. Mshono unapaswa kukaa juu ya kile kifupa kilichotokeza mwishoni mwa bega. Ukiteremka mkononi kwa inchi moja na nusu, huko ndiko kuonekana umeazima. Bega ndilo ghali kurekebisha, kwa kuwa fundi lazima aubandue mkono mzima, apunguze, aurudishe, na wengi huurudisha ukiwa umepinda. Mbavuni ni mshono wa dakika chache tu. Kwa hiyo nunua linalokaa vizuri begani, lililokatwa pana na moja kwa moja, lenye pindo la chini lililonyooka badala ya lile la mviringo.

Likiachama kifuani usikimbilie saizi kubwa. Mwambie fundi ashonee kishikizo kidogo cha kubonyeza kwa ndani, katikati ya vile vifungo viwili panapoachama. Hakionekani nje na tatizo linaisha. Urefu nao uangalie. Pindo likiishia pale nyonga ilipopanuka zaidi, litakuchorea mstari pale pale usipotaka patazamwe. Liishie inchi mbili juu yake, au lipite chini kabisa.

Usiyadharau mashati ya kike pia. Mengi yana vile vifinyo vya kifuani na kiunoni ambavyo mafundi huviita dati. Vikifumuliwa, shati linapanuka na kunyooka, na bega tayari ni lako. Ila kagua kitambaa kwenye mwanga kwanza. Mtumba uliofuliwa sana umepauka pande zote isipokuwa ndani ya ile dati, hivyo ukifumua utabaki na mstari wa rangi nzito ambao hautoki.

Suruali ni hesabu tu. Tuseme nyonga yako ni inchi 41 na kiuno 30, tofauti ya 11. Suruali nyingi za kiume hukatwa kwa tofauti ya inchi 6 au 7. Ndiyo maana ukinunua ya kiuno 30 inakataa nyongani. Nunua kwa nyonga, yaani ya kiuno 34, kisha fundi apunguze inchi nne. Sharti azigawanye. Akizitoa zote kwenye mshono wa nyuma, mifuko miwili ya matakoni itasogeleana mpaka ikaribie kugusana, na kila anayetembea nyuma yako ataiona. Atoe inchi mbili nyuma na moja moja pembeni. Mifuko ya mbele iliyokatwa kimshazari hufunguka kama masikio kwenye nyonga pana, basi ishonwe ifungwe. Mguu uteremke wima kutoka nyongani. Suruali inayokaza kwenye kifundo cha mguu huifanya nyonga ionekane mara mbili, na hilo hata wauzaji hawalijui.

Kitambaa kinahitaji uamuzi wako. Kile laini kinachoteleza hushika mwili na kusimulia kila kitu. Kitani, kaki nyepesi au pamba yenye uzito kidogo husimama yenyewe mbali na ngozi, na hewa ikapita. Mistari ya wima, ambayo watu wengi watakushauri uvae, ni adui yako kifuani, kwa sababu hupinda inapopita juu ya titi na kulichora kama ramani. Maua madogo yaliyotapakaa au rangi moja iliyokolea huficha vizuri zaidi.

Kwa hali ya hewa ya Kisumu, hakuna vazi ninaloliamini kuliko suti ya Kaunda. Mikono mifupi, koti limenyooka, mifuko ya kubandikwa inaukata upana wa mwili, na halihitaji shati ndani. Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023, lakini harusini, kanisani na kazini kwako hakuna spika. Koti lipite nyonga, na pembeni lipasuliwe inchi tatu kila upande. Bila mpasuo litanasa nyongani unapoketi, ukisimama libaki limekunjamana huko juu.

Kichwani, mwambie kinyozi pande namba 2, juu namba 4, na asikuchongee mstari mkali kwenye paji na kwenye pembe za uso. Mstari ule uliochongwa kwa wembe ndio unaosema "mwanaume" hapa kwetu kuliko ufupi wa nywele. Ukiuacha wa asili, nywele fupi hazisemi lolote. Nyusi ziache zilivyo, usizinyoe wala kuzipaka wanja. Hereni ndogo moja, saa yenye mkanda wa ngozi, inatosha. Viatu vya ngozi vya kufunga kamba vikikosekana kwa mguu wa 38, uliza vya wavulana, namba ni zile zile.

Barabarani nako tuseme wazi, kwa kuwa najua stendi zetu. Maneno ya wapiga debe yapite, usijibu. Usiku panda boda ya mtu unayemjua. Kitambulisho kiwe karibu. Ujue pia kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 28, inalinda heshima ya kila mtu, na kwamba kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 251A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoongezwa 2014 baada ya wanawake kuvuliwa hadharani. Mtu akikushika nguo, hilo ni la polisi, wala si lako la kuona aibu.

Tukija kwa mama. Kitenge amekinunua kwa sababu anataka watoto wake waonekane ni wa nyumba moja. Usimpinge kwenye hilo, mwunge mkono. Usiende kumweleza falsafa ya mavazi wiki ya harusi. Nenda mapema, mwambie: "Mama, kitambaa ni hicho hicho, mimi naomba kishonwe suti." Mama anayehesabu mita ataelewa lugha hiyo. Mwanzoni huenda akanuna. Dada yako mwambie kabla yake, kwani siku ni yake, na neno lake kwa mama ni zito kuliko lako.

Kwa koti la mikono mifupi na suruali, mita nne za kitenge zinatosha mwili kama wa hesabu yetu. Kabla fundi hajakata, tandazeni kitambaa mezani mtazame maua yalivyokaa. Kitenge cha miduara mikubwa kikikatwa bila kuangaliwa, duara moja litatua juu ya kila titi, na hapo hakuna ushonaji utakaokuokoa. Mwelekeze aweke katikati ya duara kwenye mstari wa vifungo, au begani. Kitenge kifuliwe kwanza, kikishaingia maji ndipo kipimwe, kwa maana hurudi. Koti litiwe bitana nyepesi mbele tu. Nakuru Desemba asubuhi kuna baridi, lakini mchana mtacheza.

Mpelekee fundi kitambaa mwishoni mwa Oktoba, kabla wateja wa Krismasi hawajamjaa barazani. Jipime nguo mara mbili, ya kwanza ikiwa imeshikizwa kwa pini tu. Ukiwa umeivaa inua mikono yote miwili juu, keti, kisha uiname kama unayeokota shilingi. Panapovuta mwambie pale pale achore na chaki, usimwachie akakumbuke baadaye.