Usitumie wakili wa muuzaji
Dada, umeuliza kama mtumie wakili mmoja na muuzaji wa hiyo nyumba ya Goba, Dar es Salaam, ili kupunguza gharama. Nakuomba usikubali. Huyo ni wakili wake. Mambo yakiharibika utabaki peke yako. Tafuta wako, na kabla hujampa hata shilingi, hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Wakili huhuisha leseni kila mwaka, na mjini hapa vishoka, yaani mawakili feki, wenye mihuri ni wengi.

Mwulize swali moja tu: ataanzia wapi? Akisema "tuandike mkataba", achana naye. Anayeijua kazi ataomba namba ya hati akafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio? Mimi nilionyeshwa hati safi kabisa, mihuri yote ipo, nikaweka kopi mkobani kwa furaha. Upekuzi ukaonyesha nyumba iko rehani benki na deni halijaisha. Nilitetemeka, maana nilishaanza kuhesabu hela ya malipo ya awali.

Halafu mke wa muuzaji asaini ridhaa, tena mbele ya wakili wako. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya wanandoa. Barua ya serikali ya mtaa inasaidia kumtambua muuzaji, ila haikupi umiliki. Pesa ipite benki, na mkubaliane mapema nani analipa kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA).