Mnaotaka kuanza kikundi cha kuimba kwenye matambiko, kaeni chini kwanza niwaambie

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa Sengerema alinitumia meseji, wako wamama 7, wote wametoka kwenye kwaya za kanisani, wanataka kuimba kwenye matambiko kama sisi, "tuanzie wapi?" Nilikaa nayo siku tatu sijajibu. Siku ya nne usiku simu ikaita, namba siijui, kumbe ni yule mwenyekiti wa kwaya aliyenitoa miaka sita iliyopita. Huyo nitamrudia.

Kwanza mnielewe nilikotoka. Niliimba sauti ya pili miaka 14, kwaya ya kanisa nililobatiziwa, sikukosa mazoezi labda niwe nimelazwa. Alafu mdogo wangu akajifungua mabasa, yaani mapacha. Msukuma yeyote anajua mapacha hawapokelewi kimya kimya, kuna mambo ya kufanyiwa wazazi na watoto, na nyimbo zake wanaziimba wanawake, na zina matusi, sio mafumbo, matusi kabisa, kila kitu kinatajwa kwa jina lake alilokipa Mungu. Bibi yangu alikuwa anasema baraka ikizidi inatisha, inabidi aibu ivuliwe kwanza ndo iingie ndani. Mi nikaimba. Nina mtoto wa dada mgongoni, kaniki kiunoni, naimba kwa raha zangu zote. Mtu akarekodi, sekunde 40 tu, Jumamosi jioni tayari iko kwenye grupu la kwaya.

Kikao kilichukua nusu saa. Nikaambiwa nichague, madhabahu au masamva, yaani mizimu ya mababu, na kuna mtu nliyemfundisha mwenyewe kushika sauti akaniita mpagani mbele ya watu. Alafu wakanikumbusha nirudishe sare, gauni mbili na joho. Nilizifua, nikazipiga pasi, nikazikunja vizuri kwenye mfuko wa nailoni, nikamkabidhi mtunza vifaa. Aliangalia kama kuna vifungo vimepungua. Miaka 14 jamani, mtu anahesabu vifungo.

Na hapo Kisesa, kilomita chache tu kutoka kwangu Igoma, Mwanza, kuna Bujora, kanisa ambalo Padre David Clement, Mkanada, alilijenga miaka ya 1950 kwa kufuata mambo ya Kisukuma, na ngoma zikaingizwa kwenye sikukuu ya Ekaristi mpaka leo tunaiita Bulabo, maana yake maua. Kwaio msije mkaniambia ngoma na Mungu hawajawahi kukutana. Sisemi kila kitu kichanganywe, nasema tu yule wa vifungo angetembea hata siku moja akaone.

Basi tukajikusanya, wanawake 9, wengine waliniunga kwa huruma, wengine kwa hasira zao wenyewe, wawili ni wauza dagaa wenzangu pale mwaloni Kirumba ambao hawakuwahi kuimba popote zaidi ya kuita wateja, na ndo wenye sauti kuliko wote. Na sisi wa kwaya tukaleta ujuaji wetu. Nikachukua wimbo wa kuita masamva nikaupangia sauti, ya kwanza huku, ya pili huku, nikauandika kwa do re mi, ukatoka kama maji. Tukaenda kuuimba kwa bibi mmoja ningi, mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo wa siku nyingi. Akasikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema, "Wimbo wenu umevaa viatu."

Sikuelewa. Akatuambia tuuimbe tena, kila tukifika sehemu fulani wazee waliokaa ukutani wanacheka chini chini. Kumbe Kisukuma ni lugha ya kupanda na kushuka, silabi ukiipandisha pale inapotakiwa kushuka neno linabadilika, na mimi kwa kutafuta noti tamu nilikuwa nalipandisha jina la mzee wa watu aliyefariki mpaka linakuwa kitu kingine ambacho sitakiandika hapa. Unamuita babu wa mtu aje kwenye kibanda alichojengewa cha tambiko, unamtukana. Kwaio dada wa Sengerema, ushauri wangu wa kwanza ndo huo, maneno yasifuate noti, noti ndo ifuate maneno. Jueni mnachosema. Tulikaa na yule bibi miezi minane, kila Jumatano, bila kwenda kuimba mahali, sitawaelezea maana ni kurudia rudia tu na kutwanga mtama wake.

La pili, kila wimbo una kwao. Bugobogobo, ngoma ya kulimia ya majembe, utaimba harusini, utaimba kwenye kampeni, hamna atakayekuuliza. Wigashe, ngoma ya kukaa chini, vilevile. Lakini za masamva uziache pale pale nyumbani penye vibanda vyao, unga wa mtama ukishakorogwa na maji na wenye nyumba wakiwepo. Kuna watu wamezoea mambo ya Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma, ushindani, nani kavuta watu wengi, nani ana samba kali, yaani dawa ya kuvutia watazamaji, raha sana na mi huwa naenda kuangalia, ila kwenye tambiko hamna mshindi. Ukianza kuangalia nani anakurekodi ujue umeshatoka. Simu zetu tunazikusanya kwenye beseni tukifika, na mnajua kwa nini.

La tatu ndo linaloniuma. Ulizeni tambiko ni la nini kabla hamjaulizana nauli. Mwaka juzi jamaa alinipigia kutoka upande wa Misungwi, anatoa laki tatu, kwetu hizo ni hela nyingi maana kawaida tunapewa nauli, kuku na debe la mpunga. Nikamuuliza sababu, akazunguka zunguka, mwisho akasema ng'ombe wake wanakufa na kuna mganga atakuja "kumuonyesha" mhusika. Nikakata simu. Hiyo ni ramli chonganishi, na huku kwetu tunajua inaishia wapi, inaishia kwa bibi kizee anayeitwa mchawi kwa macho yake mekundu, kumbe ni moshi wa samadi na kuni za miaka hamsini, anakutwa amekatwa mapanga. Sauti yangu isije ikasindikiza kitu kama hicho. Mweka hazina wetu alininunia mwezi mzima, sawa, anune. Wanawake tukubali kuitwa wapagani, lakini tusikubali kutumika, na ukiona mtu anaona aibu kukwambia anachoomba basi hata hao masamva wake hawajaambiwa. Jueni mnachosema, narudia, na jueni mnamsemea nani.

Sasa mwenyekiti. Usiku ule alianza na hali ya hewa, mara mvua, mara joto, alafu akasema binti yake wa Buhongwa amejifungua wawili na mama yake mzazi, bibi wa watu wa miaka 80 na ushee, amegoma kula mpaka watoto wafanyiwe. Akauliza kama tunaweza kuja bila ngoma kubwa, alfajiri, majirani wasisikie. Nilitaka kukataa, kusema ukweli nilishaandaa na maneno. Nikamwambia tunakuja.

Tulifika Jumamosi bado giza. Alisimama nyuma ya simtanki, kofia usoni. Sisi tulianza taratibu kwa heshima ya nyumba, ila yule mama yake akatukatisha, akapiga kigelegele kirefu akaanzisha mwenyewe ubeti mchafu kuliko yote ninayoijua, sauti imepasuka lakini kila silabi iko mahali pake, na binti mwenye mapacha akacheka mpaka akashika mshono. Majirani wakasikia wote. Wengine wakaja na mabeseni yao ya unga.

Kumekucha mwenyekiti akatusindikiza mpaka kwenye bajaji, akanipa bahasha, hakuomba msamaha na mi sikuutegemea. Akasema tu, "Sauti ya pili bado haijatulia tangu uondoke."

Nikamwambia dereva twende, mwaloni dagaa wanashuka saa moja.